Donge la Damu na Mfupa wa Taya

Wazee wa mwambao wa Afrika Mashariki waliijua dawa moja nyeusi, ngumu mfano wa lami, ambayo ilisemekana kuletwa kutoka Uajemi, na ambayo, ikiisha kuyeyushwa katika samli, ilinywewa au kupakwa kwa ajili ya homa, misuli iliyokakamaa, na mifupa iliyovunjika. Jina lake lilikuwa mumiani. Watu wengi, walakini, hawakusadiki hata kidogo kwamba dawa ile ilikuwa lami ya milimani. Waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, iliyotekwa kwa hila kutoka kwa watu waliouawa usiku, na kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 iliyaandika mambo yote mawili katika ingizo moja, dawa na hofu yake. Hofu hiyo iliwatesa watu wengi wasio na hatia, nami siitaji hapa ili kuitukuza. Naitaja kwa sababu katikati ya uvumi ule mlikuwamo fikra moja ambayo matabibu wa meno wa zama zetu wameifikia kwa njia nyingine kabisa, nayo ni kwamba damu iliyoganda huusaidia mfupa kuunga. Ila damu wanayoitumia wao ni ya mgonjwa mwenyewe, vijiko viwili au vitatu tu, na huzungushwa mbele ya macho yake.

Msomaji wa Bukoba au Muleba aweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu meno yana kazi kubwa katika nchi ile, ambako senene hutafunwa kwa msimu wake, na ambako kahawa iliyochemshwa na kukaushwa hupewa mgeni aitafune kabla hata hajaulizwa haja iliyomleta. Na tena linamhusu kwa sababu meno hayo hupotea, mengine kwa kuoza, mengine kwa maradhi ya ufizi, na mengine kwa dakika moja ya pikipiki iliyokosea kona katika barabara itokayo Bukoba kupitia Kemondo mpaka Muleba. Jino likiisha kutoka, watu hulisikitikia jino. Ni wachache waujuao msiba wa pili, ambao huanza kimyakimya siku ile ile chini ya ufizi.

Mfupa uliolibeba jino haupo kwa ajili yake wenyewe. Uliumbwa uote pamoja na jino na ulishikilie, na jino linapoondoka mfupa ule huanza kuyeyuka, kwa kuwa mwili hautunzi kiungo kisicho na kazi. Wataalamu wa Denmaki waliowafuatilia wagonjwa waliong'olewa magego, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, waliona kwamba katika mwaka mmoja ukingo wa taya hupoteza takriban nusu ya upana wake, na kwamba theluthi mbili ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Hii ndiyo sababu bibi aliyekaa bila meno miaka mingi hupata uso uliobonyea na kidevu kilichosogea karibu na pua, na ndiyo sababu meno yake ya bandia, yaliyomkaa vizuri mwaka wa kwanza, huanza kucheza kinywani.

Dawa kamili ya pengo, kwa aliye na uwezo, ni kipandikizi, yaani parafujo ndogo ya madini ya titani, yenye urefu wa milimita 10 hivi na unene wa milimita 4, ambayo hukazwa ndani ya mfupa wa taya na kuachwa mpaka mfupa uishike, kisha jino la bandia likafungwa juu yake. Historia yake inashangaza kidogo. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, tabibu aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichungulia mwendo wa damu ndani ya mfupa wa mguu wa sungura, kwa kutumia chombo kidogo cha titani chenye kioo. Na alipotaka kukitoa chombo chake ili akitumie tena, akakuta mfupa umekishika, hakitoki. Mwaka 1965, mjini Göteborg, aliweka vipandikizi katika taya la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya kidevu na taya, na vipandikizi vile vilimtumikia zaidi ya miaka 40, hata alipofariki mwaka 2006. Madaktari wa nchi nyingine hawakusadiki mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982. Hivyo elimu ya vipandikizi ilizaliwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiisoma damu, wala hakuwa na meno katika mawazo yake.

Watu wa Buhaya, yaani nchi hiyo ya Bukoba na Muleba, si wageni wa madini: huko Katuruka, karibu na Maruku, na pande za Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Lakini chuma kile kilichofaa jembe na mkuki kisingefaa taya, maana hushika kutu, na mwili hukizungushia utando wa nyama laini kama unavyofanya kwa mwiba. Titani hujifunika yenyewe, mara igusanapo na hewa, kwa ganda jembamba mno lisiloyeyuka, na mfupa hukua mpaka ukaligusa ganda hilo pasipo utando wowote katikati.

Hata hivyo mfupa haushiki mara moja, na hapa ndipo damu inapoingia katika hadithi yetu. Siku ya kwanza parafujo hushikiliwa na mbano tu, jinsi msumari ushikiliwavyo na ubao. Baada ya hapo mwili huanza kuondoa mfupa uliojeruhiwa na keekee iliyoutoboa, kabla mfupa mpya haujakomaa kuchukua nafasi yake, hata aghalabu katika wiki ya 3 au ya 4 mshiko hupungua kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, na kipandikizi kikisukumwa sana wakati huo huweza kulegea moja kwa moja. Kwa sababu hiyo matabibu wa zamani waliamuru kungoja miezi 3 kwa taya la chini na miezi 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni mwororo zaidi. Ni kwa sababu hiyo pia keekee huzungushwa huku ikimwagiwa maji ya chumvi yaliyopozwa: ilikwisha kubainika tangu mwaka 1983 kwamba mfupa uliopashwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu huharibika.

Swali likawa hili: je, yawezekana kuzifupisha wiki hizo za udhaifu, au kuzipitisha kwa salama zaidi? Jawabu lilikuwamo katika kitu ambacho kila mtu aliyejikata kwa kisu amekiona. Damu inapotoka, huganda. Na vinavyoanzisha kazi hiyo ni vipande vidogo vya chembe viitwavyo chembe sahani, ambavyo kazi yake ilielezwa na Mwitaliano Giulio Bizzozero mwaka 1882. Mtu mwenye siha anavyo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo, na kila kimoja huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ni vizibo vya jeraha basi. Baadaye ikadhihirika kwamba ndani yake mna vifuko vya protini zinazotumwa kama amri: nyingine huziita chembe za kujenga zije mahali pa jeraha, nyingine huziamuru ziongezeke, nyingine huchipusha mishipa mipya ya damu, ambayo pasipo hiyo hakuna mfupa unaoweza kujengwa. Donge la damu, kumbe, ni kizibo na mwito kwa pamoja.

Wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa upana katika upasuaji wa taya alikuwa Robert Marx wa Miami, ambaye mwaka 1998 alieleza namna ya kukusanya maji ya damu yenye chembe sahani nyingi na kuyachanganya na mfupa wa kupandikiza. Njia yake ilifaa, lakini ilikuwa na mzunguko mrefu: damu ilitiwa kwanza dawa ya kuizuia isigande, ikatenganishwa, kisha ikatiwa kigandishi kilichotoka katika damu ya ng'ombe ili igande tena. Huko Vitoria, Hispania, Eduardo Anitua naye alirahisisha utaratibu huo na kuvilowesha vipandikizi katika maji hayo kabla ya kuviingiza mfupani. Lakini aliyelifanya jambo liwe jepesi kiasi cha kuweza kufikiriwa hata katika hospitali ya wilaya ni Mfaransa Joseph Choukroun, mwaka 2001, kwa kuacha dawa zote. Damu ya mgonjwa hutolewa mkononi, huwekwa katika mirija ya kioo isiyo na kitu ndani, na bila kuchelewa, maana haina cha kuizuia isigande, huwekwa katika sentrifuji na kuzungushwa kiasi cha mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa dakika 12. Mrija ukitolewa huonekana una tabaka tatu: chini chembe nyekundu, juu maji ya rangi ya manjano, na katikati donge laini, la njano isiyokolea, ambalo ni wavu wa nyuzi za fibrini ulionasa chembe sahani na chembe nyeupe. Miaka ya baadaye, hasa tangu mwaka 2014, wataalamu walipunguza kasi, hata ikafika mizunguko 1,500 kwa dakika 14, kwa kuwa waliona mzunguko wa nguvu huzisukuma chembe nyingi chini kabisa mahali zisikohitajiwa.

Donge hilo hutumiwa kwa namna mbalimbali. Likibanwa taratibu huwa utando unaoweza kutandazwa juu ya mfupa na kushonwa chini ya ufizi. Likikatwakatwa huchanganywa na chengachenga za mfupa wa kupandikiza, zikashikamana zisitawanyike. Na likiwekwa zima hujaza tundu la jino lililong'olewa. Linatoa protini zake kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja na zaidi, na mwisho huyeyuka lenyewe. Mkulima wa Kamachumu atandazaye nyasi za rweya, yaani za uwanda wa wazi, shinani mwa mgomba anauhifadhi udongo katika unyevu mpaka mizizi ishike, lakini nyasi zile hazizai ndizi. Na kazi ya donge la fibrini haizidi hiyo.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu maneno ya kutangaza biashara huvuka mpaka upesi. Yaliyodhihirika katika tafiti nyingi ni kwamba ufizi hupona mapema, maumivu na uvimbe hupungua, na tundu la jino huhifadhi sehemu ya upana wake kuliko likiachwa hivi hivi. Na katika majaribio kadhaa mshiko wa kipandikizi ulikuwa bora kidogo katika wiki za mwanzo. Zaidi ya hapo ushahidi hupungua nguvu. Tafiti nyingi ni za wagonjwa wachache, kila kundi na mashine yake na kasi yake, na vipandikizi vya kawaida visivyopata msaada huo hudumu miaka 10 kwa zaidi ya watu 90 katika 100, hata nafasi ya kuonyesha ubora zaidi ni nyembamba. Mahali ambapo mfupa umekwisha kabisa, damu peke yake haijengi ukuta. Pana haja ya mfupa hasa, uliotolewa kidevuni au nyongani kwa mgonjwa, au mfupa wa ng'ombe uliosafishwa kwa kazi hiyo. Wala damu haimwokoi mwenye kisukari kisichotibiwa, au mvutaji tumbaku, au mwenye ufizi unaotoka usaha. Nao wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa wakati wa uzee, au dawa za kupunguza kuganda kwa damu, wanapaswa kumwambia daktari kabla hajagusa taya lao.

Fauka ya hayo, liko jambo ambalo vitabu vya madaktari wa Ulaya hulipitia juu juu, na ambalo kwa wasomaji wetu lina uzito. Utando mwingi unaouzwa tayari kwa kufunikia mfupa wa taya hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Mwislamu ana haki ya kuuliza anachowekewa kinywani kimetoka wapi, na daktari ana wajibu wa kumjibu. Na katika baadhi ya kazi, ingawa si zote, utando uliotokana na damu yake mwenyewe waweza kushika nafasi hiyo bila shaka yoyote ya imani.

Na katika nchi ya Kagera swali la damu ya nani si dogo. Zamani Buhaya iliujua udugu wa kuchanjiana, ambapo wawili walimezeshana buni za kahawa zilizopakwa damu ya kila mmoja, na tangu hapo wakawa ndugu wasioweza kusalitiana. Zikaja zama nyingine. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi waliotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Na watafiti wa Muhimbili pamoja na wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Uswidi, walipopima mwaka 1987, walikuta katika mji wa Bukoba watu wazima 24 katika kila 100 wameambukizwa, hesabu iliyoshuka hadi 13 ilipofika mwaka 1996. Aila nyingi za Muleba na Bukoba zinayajua makaburi ya miaka ile. Machi 2023 Wilaya ya Bukoba ikapatwa na ugonjwa wa Marburg, na watu wakajifunza upya kuogopa damu na majimaji ya mwenzao. Watu waliopitia hayo hawawezi kulaumiwa wakisita wanaposikia kwamba daktari wa meno anataka kuchukua damu. Na waambiwe bayana: damu inayotiwa katika taya ni ile ile iliyotolewa mkononi mwa mgonjwa huyo huyo nusu saa iliyopita, haihifadhiwi, haichanganywi, haipewi mtu mwingine, nayo haiwezi kumletea ugonjwa ambao hana. Hatari iliyobaki ni ya mirija kubadilishwa au sindano kutumiwa vibaya, na hiyo huzuiwa kwa kuandika jina juu ya mrija mbele ya mwenye damu. Naye anayeishi na virusi vya Ukimwi akifuata dawa zake vizuri hana sababu ya kujihesabu nje ya matibabu haya.

Sasa nieleze rai yangu, ambayo huenda isiwapendeze wauzaji wa vipandikizi. Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wake wa meno katika Dar es Salaam mwaka 1979, na tangu hapo wamefanya kazi ya heshima kwa vifaa vichache; lakini katika hospitali za wilaya sehemu kubwa ya kazi yao ingali kung'oa. Wagonjwa wanaofika hospitali za Rubya, Kagondo au Ndolage, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, hufika jino limekwisha kuoza mpaka kwenye mzizi. Kipandikizi kwa wengi wao ni habari ya mbali, ya kutafutwa Dar es Salaam kwa fedha ya shamba zima. Damu yao, kinyume chake, wanayo. Sentrifuji ni chombo cha kawaida katika maabara za hospitali, hutumika kila siku kutenganishia damu na kuchunguzia mkojo. Ikiwa katika matibabu yote haya ya kigeni iko sehemu moja nafuu, ni hii, na ingefaa ianze kutumika hapo ambapo faida yake imethibitika zaidi na wahitaji ni wengi: katika tundu la gego la mwisho la chini, ambalo mara kwa mara hukauka likatesa. Sisemi kwamba mashine yoyote na mrija wowote vitafaa. Mirija yenye dawa ya kuzuia kuganda haifai kabisa, mashine itikisikayo huharibu donge, na usafi wa chumba ndio sharti la kwanza. Lakini hayo ni mambo ya mafunzo na manunuzi madogo, si ya kungoja majengo mapya.

Kuhusu wale wenye uwezo wa kwenda kuwekewa kipandikizi mjini, na wamuulize daktari, kabla ya kulipa, mfupa wao umepimwa kwa picha gani na una upana gani. Wamuulize pia damu itachukuliwa kwa kazi ipi hasa, kuhifadhi tundu, kufunika mfupa, au kukilowesha kipandikizi. Na ikiwa hawatatiwa damu hiyo matokeo yatatofautianaje. Daktari mwaminifu atakiri kwamba katika taya lenye mfupa wa kutosha tofauti itakuwa ndogo. Akiahidi kwamba kwa damu hiyo jino litadumu maisha yote, na wasite.

Na walio wengi, ambao hawataiona sentrifuji, wanalo tayari donge lao la damu, kwa sababu kila jino ling'olewapo mwili hulijaza tundu bila kuambiwa. Wengi hulipoteza siku ile ile kwa kusukutua maji ya chumvi wangali njiani kurudi nyumbani, au kwa kuvuta sigara, au kwa kulichokoa kwa ulimi na kijiti. Anayekwenda kung'olewa jino wiki hii, awe wa Muleba au wa Bukoba, na aume pamba nusu saa bila kuitazamatazama, asisukutue wala kutema kwa nguvu mpaka siku ya pili, asivute tumbaku. Na kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, asinunue dawa dukani. Na arudi kwa daktari aliyemng'oa.